Msomi Aliyekataa Mshahara: Maisha ya Henry David Thoreau

Katika jarida hili tumezoea kusoma maisha ya watu waliopigana vita, waliotawala nchi ama waliotunga tenzi. Mimi nawaletea mtu ambaye ukimtupia jicho mara moja utasema hakufanya kitu. Alisoma hadi chuo kikuu cha Harvard kule Marekani, akahitimu, kisha akarudi katika mji mdogo alikozaliwa akawa kiguu na njia, leo msituni, kesho kando ya mto. Wenzake walipokuwa wakitafuta vyeo, yeye alikuwa akihesabu maua. Aliitwa Henry David Thoreau. Jina hilo likikutatiza ulimi usione haya, hata mimi lilinichukua juma zima.

Nitasema ukweli kwa nini nilimsoma. Nilimsoma kwa hasira.

Kaka yangu, kifungua mimba wa kwetu, alikuwa karani wa hesabu katika kampuni moja ya bima jijini Nairobi. Mshahara wake ndio uliokuwa ukinilipia karo tangu nilipoingia Kidato cha Kwanza. Mwaka jana mwezi wa Aprili alirudi nyumbani na mabegi yake mawili akatuambia ameacha kazi. Sisi tunakaa ukingoni mwa msitu wa Kakamega, na yeye alikuwa amepata kazi ya kuwatembeza wageni wanaokuja kutazama ndege na tumbili, siku nne kwa juma, kwa malipo yasiyofika nusu ya yale ya Nairobi. Siku tatu zilizobaki, ati angekuwa msituni kwa raha zake, yeye na daftari na darubini ya mitumba. Mama alinyamaza siku mbili. Baba mdogo aliitwa kutoka Mumias aje amtie akili. Mimi nilipiga hesabu ya karo kimoyomoyo nikaona giza.

Muhula wa pili nilichelewa siku kumi nikisubiri pesa. Nilipomlalamikia kaka, hakubishana nami. Alinipa kitabu kilichochakaa kiitwacho Walden, ambacho mwandishi wake ni huyo Thoreau, akaniambia nikimalize kwanza halafu nije nimlaumu. Basi nilikisoma nikitafuta makosa. Na makosa niliyapata, mtayaona. Tatizo ni kwamba nilipata na mengine.

Thoreau alizaliwa tarehe 12 Julai mwaka wa 1817 katika mji wa Concord, jimbo la Massachusetts, si mbali na Boston. Babake, John, alikuwa mtengenezaji wa penseli. Mamake, Cynthia, aliweka wapangaji nyumbani ili wapate cha kuongezea. Walizaliwa wanne: Helen, John, Henry mwenyewe, na Sophia kitinda mimba. Hawakuwa watu wa kuombaomba, lakini mali pia hawakuwa nayo. Kumpeleka Henry Harvard mwaka wa 1833 kulikuwa mzigo wa jamaa nzima, kama sisi tunavyochangishana mtoto anapoitwa chuoni. Alipohitimu mwaka wa 1837 kila mtu alingoja kuona matunda. Mwaka huohuo uchumi wa Marekani ulikuwa umeanguka na kazi zilikuwa adimu, lakini yeye alipata: ualimu katika shule ya umma palepale Concord.

Kazi hiyo aliifanya juma mbili hivi tu! Sikilizeni ilivyokuwa. Mmoja wa wakubwa wa kamati ya shule alikuja akaona mwalimu huyu hachapi watoto. Akamwagiza atumie kiboko, la sivyo nidhamu itaharibika. Thoreau aliwachukua wanafunzi kadhaa, akawachapa bila wao kujua kosa lao, na jioni hiyo akapeleka barua ya kuacha kazi. Hapa kwetu viboko shuleni vilipigwa marufuku mwaka wa 2001, kwa hivyo nadhani wengi wenu mko upande wake. Mimi pia, ila nawahurumia wale waliochapwa ili mwalimu apate kuonyesha jambo lake.

Mwaka wa 1838 yeye na kaka yake John walifungua shule yao wenyewe. Haikuwa na kiboko, na masomo mengi yalifanyikia nje: wanafunzi walipelekwa mashambani, mtoni, hata katika karakana za mafundi. Ilipendwa na wazazi, lakini ilifungwa mwaka wa 1841 kwa sababu John alikuwa mgonjwa. Kisha Januari mwaka wa 1842, John akajikata kidole kidogo tu akinoa wembe. Pepopunda ikaingia, na siku chache baadaye akafariki mdogo wake akiwa kando yake. Henry aliumia hata mwili wake mwenyewe ukaanza kuonyesha dalili za ugonjwa uleule ingawa hakuwa nao. Naamini kifo hicho kilimbadilisha kuliko Harvard. Mtu aliyeona kijana akiondoka kwa sababu ya wembe hawezi kukubali kwa urahisi kuiweka akiba furaha yake mpaka uzeeni.

Sasa tuje kwenye penseli, maana hapa ndipo pesa zilipokuwa. Penseli za Marekani siku zile zilikuwa mbovu, zinavunjika na kuchafua karatasi. Zile nzuri zilitoka Ulaya. Thoreau alichunguza akagundua kwamba grafiti, ule unga mweusi, ukichanganywa na udongo wa mfinyanzi na kuchomwa, unatoa mwandiko safi. Tena alibuni njia ya kuusaga unga wenyewe uwe laini zaidi. Penseli za babake zikawa miongoni mwa zilizo bora kabisa nchini. Marafiki wakampongeza, wakijua sasa atatajirika. Rafiki yake mkubwa, mwandishi Ralph Waldo Emerson, alisimulia kwamba Thoreau aliwajibu kuwa hatatengeneza penseli nyingine tena, kwani hakuona faida ya kurudia kitu alichokwisha kukifanya. Habari hiyo inapendeza, lakini si kamili. Ukweli ni kwamba aliirudia karakana ya babake kila familia ilipobanwa na pesa. Alichokataa ni kuifanya penseli iwe maisha yake yote.

Na tusimpake rangi nyeupe tu. Mwezi wa Aprili mwaka wa 1844 yeye na mwenzake walikuwa wakipika samaki kando ya mto, upepo ukachukua moto, na takriban ekari 300 za msitu zikateketea. Huyo ndiye mpenzi wa miti! Wenye misitu hawakusahau, na kwa miaka mingi alisikia akizomewa kuwa ndiye mchoma msitu. Kaka yangu hupenda kuiruka sehemu hiyo.

Mwezi wa Machi mwaka wa 1845 aliazima shoka akaenda kando ya Walden, ziwa dogo lililo mwendo wa maili moja na nusu hivi kutoka mjini, kwenye ardhi ya Emerson. Akakata misonobari michanga na kuanza kujenga. Mbao alizinunua kwa kibanda kizima cha mfanyakazi mmoja wa reli kutoka Ireland, dola 4 na senti 25, akakibomoa na kubeba mbao kwa mkokoteni. Nyumba ilikuwa chumba kimoja cha futi 10 kwa 15. Wengi wetu bwenini tuna nafasi kubwa kuliko hiyo, ingawa ni kweli yeye hakugawana na wenzake arobaini. Gharama yote ilikuwa dola 28 na senti 12 na nusu. Alihamia tarehe 4 Julai mwaka wa 1845 akakaa miaka miwili, miezi miwili na siku mbili.

Kilichonishangaza mimi, ndugu ya karani wa hesabu, ni jinsi kitabu chake kilivyojaa hesabu. Nilidhani nitasoma habari za ndege na machweo ya jua, kumbe kurasa za mwanzo ni kama leja. Misumari bei gani, chokaa bei gani, unga bei gani. Alilima ekari mbili na nusu, hasa maharagwe, akaondoa gharama zote na kubaki na faida ya dola 8 na senti 71 na nusu. Chakula chake, unga wa mahindi, viazi, mchele, kidogo cha nyama na chumvi, kilimgharimu kama senti 27 kwa juma. Mpaka ile nusu senti aliiandika. Hakuwa mtu asiyejali pesa. Alijali sana, kuliko matajiri, kwa sababu kila senti aliipima kwa saa za maisha alizotoa kuipata.

Mfano wake mmoja nimeufikiria sana. Kutoka Concord kwenda mji wa Fitchburg ni maili 30, na nauli ya gari moshi ilikuwa senti 90. Vibarua waliojenga reli hiyohiyo, yeye akumbuka, walikuwa wakilipwa senti 60 kwa siku. Basi watu wawili wakitaka kwenda Fitchburg, mmoja akaanza kutembea sasa hivi na mwingine akaenda kwanza kutafuta nauli, ni nani atafika mbele? Anayetembea atafika jioni ya leo. Mwenzake leo yote atakuwa bado anafanya kibarua, na kesho pia mpaka mchana, ndipo apande. Tena yule wa miguu atakuwa ameiona nchi yote njiani. Mtasema hesabu hii ni ya utundu, kwani mtu hasafiri kila siku. Lakini hebu jaribuni kuifanyia matatu za Nairobi, nauli ya kwenda na kurudi kila siku ya Mungu, halafu mwambie yule anayeamka saa kumi alfajiri ni saa ngapi za kazi yake zinakwenda kulipia safari ya kumfikisha kazini.

Kwa hesabu zake, Thoreau aliona kwamba akifanya kazi ya mikono juma sita tu kwa mwaka, yanamtosha kwa kila alichohitaji. Na alisema hayo baada ya kuyaishi kwa zaidi ya miaka mitano. Alipaka nyumba rangi, akajenga ua, akatengeneza bustani, akapiga useremala. Kibarua aliona ni kazi ya mtu huru, kwa kuwa jua likizama hudaiwi kitu na mtu mpaka kesho, lakini mwajiri hana likizo mwaka mzima, mawazo ya biashara yanalala naye kitandani. Mwaka una juma 52. Toa sita, zinabaki 46. Hizo ndizo alizonunua, na bei aliyolipa ni kutokula vizuri, kutovaa vizuri, na kutosifiwa na mtu.

Alizifanyia nini? Hapa ndipo walimu wetu wangependa kusikiliza, maana wanatuambia ajizi ni nyumba ya njaa. Huko Walden aliamka mapema akaoga ziwani. Alipalilia maharagwe. Aliandika kitabu kizima cha safari aliyofanya na marehemu John kwa mashua mwaka wa 1839, na akaanza kile cha pili, Walden chenyewe. Wenyeji walikuwa wakiamini kwamba ziwa hilo halina mwisho chini. Mapema mwaka wa 1846 lilipoganda, alitembea juu ya barafu na kamba yenye jiwe, akatoboa mashimo na kupima kila mahali. Mwisho upo, akasema: futi 102 penye kina kirefu. Muda mrefu watu walikuwa wakibishana juu ya jambo ambalo mtu mmoja mwenye kamba, jiwe na nafasi angeweza kulimaliza. Neno ni hilo la nafasi. Waliokuwa na kamba ni wengi.

Julai ya mwaka huohuo alikuwa akienda mjini kuchukua kiatu kwa fundi, akakamatwa kwa kutolipa kodi ya kichwa. Wazee wetu waliijua kodi hiyo vizuri enzi za mkoloni. Yeye aliacha kuilipa makusudi kwa miaka kadhaa, akisema hawezi kutoa pesa kwa serikali inayolinda utumwa, ambayo wakati huo ilikuwa imeingia vitani na Meksiko. Alilala jela usiku mmoja. Kukicha kuna mtu alikuwa amemlipia, huenda ni shangazi yake, na yeye akachukia kwelikweli kufunguliwa. Alikwenda akachukua kiatu chake, na nusu saa baadaye alikuwa mlimani na wenzake wakichuma matunda ya porini. Insha aliyoiandika juu ya usiku ule ilichapishwa mwaka wa 1849, na ikaja kusomwa na Gandhi alipokuwa Afrika Kusini, na Martin Luther King alipokuwa mwanafunzi. Jamaa yake wote walichukia utumwa. Mwaka wa 1851 yeye mwenyewe alimpandisha garini mtumwa mmoja aliyetoroka, ili akimbilie Kanada. Mtu anayefuatwa na wenye kumtafuta hawezi kungoja mpaka umalize zamu ya ofisini.

Sasa makosa niliyoahidi. Kwanza, ardhi haikuwa yake, aliruhusiwa na rafiki. Pili, nyumbani kwao kulikuwa karibu, na mara nyingi alikwenda kula huko, hakulificha jambo hilo. Tatu, na hili ndilo lililonifanya nicheke peke yangu maktabani hata nikakaripiwa, katika orodha ya gharama zake anasema kwamba nguo zake zilifuliwa na kushonwa nje, na bili bado hajaletewa. Bado hajaletewa! Mimi naijua bili hiyo angeletewa na nani. Angeletewa na mamake na dada zake, na wao hawakuwa watu wa kuandika bili. Nne, hakuoa. Aliwahi kumposa msichana mwaka wa 1840 akakataliwa, basi. Hakuwa na mke, wala mtoto, wala mdogo wake Kidato cha Tatu.

Niliandika makosa hayo manne nyuma ya daftari la Jiografia nikangoja likizo.

Lakini kabla ya kurudi kwa kaka, nimalize habari za mwenyewe. Thoreau aliondoka Walden tarehe 6 Septemba mwaka wa 1847. Wengi hudhani aliishi huko kama mtawa mpaka kufa, la hasha. Aliishi sehemu kubwa ya miaka yake iliyobaki katika nyumba ya wazazi wake, na kazi iliyompa riziki ilikuwa usavea. Alijinunulia vifaa, akapima mashamba na misitu ya Concord mpaka akawa anaaminika kuliko wote. Kazi hiyo ilimpeleka nje, ilimlipa kwa siku, na angeweza kuikataa. Ilikuwa na uchungu wake pia, maana mara nyingi alipima msitu ili mwenyewe aukate auze kuni. Alijua hivyo na akapima. Sijui kama mnaliona hilo kuwa kosa la tano.

Kila alasiri alitembea, saa nne au zaidi, mvua au theluji. Wahenga walisema mgaagaa na upwa hali wali mkavu, lakini kitoweo cha huyu kilikuwa cha ajabu: aliandika tarehe ya kila ua lilipochanua, ndege gani amerudi lini, barafu imeyeyuka siku gani. Shajara yake ilifika maneno zaidi ya milioni mbili. Pesa haikumletea. Kile kitabu cha safari kilichapishwa mwaka wa 1849, nakala 1000, na mwaka wa 1853 mchapishaji alimrudishia nakala 706 zilizokosa mnunuzi. Alizipandisha ngazi mwenyewe mgongoni mpaka chumbani kwake, akajitania kwamba sasa ana maktaba kubwa ambayo sehemu yake kubwa ameiandika yeye. Walden kilitoka mwaka wa 1854, kikauzwa polepole.

Hata Emerson, aliyempa ardhi, hakuridhika. Katika hotuba yake ya kumwomboleza alisema alimwona ni mtu mwenye kipawa cha kuongoza mambo makubwa ya taifa, na badala yake akaishia kuwa kapteni wa wachuma matunda. Niliposoma hapo nilishtuka, kwa sababu baba mdogo alikuwa amesema karibu hivyohivyo sebuleni kwetu, ila yeye alitaja tumbili.

Mwezi wa Desemba mwaka wa 1860 Thoreau alikuwa nje kwenye baridi akihesabu pete za miti iliyokatwa, akashikwa na mafua yaliyoshuka kifuani. Kifua kikuu alikuwa nacho tangu ujana, na sasa kikaamka. Alisafiri hadi Minnesota mwaka wa 1861 kutafuta hewa nzuri, haikusaidia. Miezi yake ya mwisho aliitumia kitandani akipanga maandishi yake, dada yake Sophia akimsaidia kunakili. Aliaga dunia tarehe 6 Mei mwaka wa 1862, akiwa na miaka 44. Mimi nilihesabu: angekuwa ameahirisha matembezi yake mpaka astaafu, hangetembea hata siku moja.

Na zile tarehe za maua? Zaidi ya miaka 140 baadaye, mwanasayansi Richard Primack wa Chuo Kikuu cha Boston na mwenzake Abraham Miller-Rushing walizichukua orodha zake za miaka ya 1852 hadi 1858, wakaenda Concord kutazama mimea ileile. Waliona kwamba kwa wastani inachanua karibu juma zima mapema kuliko wakati wa Thoreau, kwa sababu nchi imezidi joto. Wengi wa wenzake mjini hawakuandika orodha kama ile. Wote walikuwa kazini.

Likizo ya Desemba nilikwenda kwa kaka na daftari langu la Jiografia. Nilimsomea makosa yote manne, na la nne nililisoma kwa sauti kubwa. Hakukasirika. Alitoa daftari lake. Upande wa kushoto aliandika Nairobi: mshahara, halafu kodi ya nyumba, nauli, chakula cha mchana, mashati na viatu vya ofisi, michango ya wenzake, dawa za tumbo. Upande wa kulia, nyumbani. Niliijumlisha mara mbili nikitafuta pa kumkamata, nikapata kosa moja la shilingi 40. Kilichokuwa kikibaki kule kilizidi kinachobaki hapa kwa shilingi 2,300 tu kwa mwezi. Kumbe zile pesa nyingi nilizokuwa nikizililia zilikuwa zinakwenda kumweka Nairobi.

Hata hivyo 2,300 ni 2,300. Nilichukua kalamu nikaandika chini ya ukurasa wake wa kulia: bili ambayo bado haijaletwa, na mbele yake jina langu na la mama. Kaka aliutazama mstari huo kwa muda mrefu. Akatoka nje. Jioni alirudi akamwambia mama kwamba ameomba aongezewe kazi ya Jumamosi, wageni wengi huja siku hiyo, mpaka nitakapomaliza Kidato cha Nne. Jumapili na Jumatatu hazigusiki, akasema, hata Rais akija. Mama alicheka kwa mara ya kwanza juu ya jambo hilo, akampakulia ugali.

Mimi nimepewa kazi moja. Nyuma ya jikoni kwetu kuna mti wa lusiola wenye maua ya manjano, na nikiwa nyumbani natakiwa kuandika tarehe ya ua la kwanza kufunguka, na siku nikiwa shuleni mama ndiye anayeandika. Mpaka sasa tuna tarehe moja tu, nayo imeandikwa na mama.